Salio halilingani: kutafuta kasoro katika GnuCash kwa anayeweka hesabu kwa shilingi

Jumamosi moja jioni nilikaa mezani na taarifa ya Sacco upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Sacco inasema akiba yetu ni shilingi 1,385,000. GnuCash, programu yetu ya hesabu, inasema 1,394,000. Mke wangu akaniambia, "Baba, andika tu elfu tisa za makosa tulale." Sikuandika. 9,000 inagawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, na tofauti ya namna hiyo mara nyingi ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Nilipitia miamala ya mwezi ule na baada ya dakika chache nikaikuta: tuliweka 45,000, mimi nimeandika 54,000.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi, salio likikataa, hukimbilia kuandika muamala wa kusawazisha. Salio linapendeza, kosa linabaki palepale, na mwezi unaofuata linazaa jingine. Tofauti yenyewe ni shahidi. Ihoji kwanza.

Tunaishi Busia, upande wa Uganda, na hesabu za nyumba na kibanda chetu cha vitenge tunaziweka kwenye GnuCash. Ni programu huria, haiuzwi, inafanya kazi bila intaneti, na toleo lake thabiti la kwanza lilitoka mwaka 1998. Kila muamala unaandikwa pande mbili: pesa imetoka wapi, imeingia wapi. Menyu zake utazikuta kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kabla ya kurekebisha lolote, funga programu, nakili faili lako la hesabu na ulipe nakala jina lenye tarehe. Ninayoeleza hapa chini, mengine yanabadilisha vitabu vizima kwa mbofyo mmoja.

Hesabu zote zimeandikwa kwa dola

Hili ndilo kosa la kwanza la wengi wetu, na chanzo chake ni kompyuta yenyewe. Laptopu nyingi zinafika dukani zikiwa zimewekwa mipangilio ya Marekani. Ukianzisha kitabu kipya, GnuCash inasoma mipangilio hiyo na kupendekeza dola. Mtu anabofya kuendelea bila kuangalia. Miezi mitatu baadaye anakuta akaunti inaitwa Imbalance-USD, au ripoti yenye alama ya dola mbele ya bei ya nyanya.

Akaunti ikishakuwa na miamala, sarafu yake haibadilishwi kwa kubofya tu. Kama kitabu bado ni cha wiki mbili, ushauri wangu ni anza upya, na safari hii chagua UGX (shilingi ya Uganda) kwenye ukurasa wa sarafu. Utapoteza jioni moja, lakini utajua kila kilichomo.

Kama ni cha mwaka mzima, iko njia ya fundi. Fungua "Preferences", sehemu ya "General", ondoa tiki kwenye "Compress files", kisha hifadhi. Faili sasa linasomeka kama maandishi ya kawaida. Kwenye nakala, kamwe si kwenye faili lenyewe, tafuta kila palipoandikwa `<cmdty:id>USD</cmdty:id>` uweke UGX mahali pa USD. Hifadhi, fungua kwa GnuCash, nenda menyu ya "Actions", "Check & Repair", uchague akaunti zote. Usifanye hivi kama una akaunti ya dola za kweli ndani ya kitabu hichohicho, kwa sababu nazo zitageuka shilingi.

Ukimaliza, badilisha pia mtindo wa tarehe uwe "UK". Mipangilio ya Marekani inasoma 03/04 kuwa tarehe nne Machi, na hilo utaligundua umechelewa.

Naandika 50000 inakuwa 500.00

Kuna tiki imewekwa kwenye "Automatic decimal point" ndani ya "Preferences". Inafaa kwa watu wanaohesabu senti: wanaandika tarakimu tu na programu inaweka nukta kabla ya mbili za mwisho. Sisi tunaohesabu kwa maelfu haitufai. Iondoe. Miamala iliyokwisha kuandikwa haitajirekebisha. Itabidi uipitie mmoja mmoja.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kisanduku cha kiasi: unaweza kuandika 3*2500 ukabonyeza Tab, programu inakufanyia hesabu. Mimi mabando ya sabuni nayaandika hivyo kila siku.

Muamala nimeuandika, sasa siuoni

Mwezi Januari shemeji yangu alinipigia simu. "Shemeji, karo niliyolipa Desemba imepotea kwenye kompyuta. Risiti ninayo mkononi." Nikamwambia ashuke mpaka mwisho kabisa wa daftari la akaunti. Akanyamaza kidogo. "Iko chini ya mstari wa buluu."

Mstari ule unatenganisha miamala ya mpaka leo na ya siku zijazo. Yeye aliandika 28/12 bila mwaka. GnuCash, ikiachwa ilivyokuja, inajaza mwaka huu wa kalenda, na kwa kuwa alikuwa Januari, karo ya Desemba iliyopita ikaenda Desemba ijayo. Salio la leo likaonekana kubwa kuliko pesa aliyonayo. Dawa ya kudumu iko kwenye "Preferences", mahali pa tarehe: chagua mwaka ujazwe ndani ya dirisha la miezi kumi na miwili linaloanza miezi kadhaa nyuma. Au jizoeze kuandika mwaka.

Kama hauko chini ya mstari, angalia menyu ya "View", "Filter By". Ukiwahi kuchuja daftari ili kuona mwezi mmoja na ukauhifadhi mchujo huo, daftari litaendelea kuficha mengine kila unapolifungua. Salio la akaunti halibadiliki kwa mchujo, kwa hiyo ukiona salio ni sahihi lakini mistari haitoshi, chanzo ni hicho.

La tatu ni kwamba umeuandika kwenye akaunti nyingine. Bonyeza Ctrl na F, tafuta kwa kiasi. Kutafuta kwa maelezo kunachosha kwa sababu leo unaandika "boda", kesho "usafiri", keshokutwa "kwenda Tororo".

Akaunti ya Imbalance-UGX imejitokeza yenyewe

Wanaoanza huiogopa hii. Haina ubaya, ni kapu ambamo GnuCash inaweka upande wa muamala ambao hukuueleza. Umeandika 30,000 zimetoka kwenye pesa taslimu, hukusema zimekwenda wapi, ukabonyeza Enter. Pande mbili lazima zilingane, basi programu ikaweka upande wa pili kwenye kapu.

Fungua daftari la Imbalance-UGX na kwenye kila mstari ubadilishe jina la akaunti liwe la kweli: chakula, karo, umeme wa Yaka. Kapu likifika sifuri, umemaliza. Usiifute akaunti ikiwa na miamala ndani yake. Kama umegawanya muamala wenye mistari mingi na hesabu haikukutana, programu itakuuliza ufanye nini. Chagua kusawazisha mwenyewe. Ukiruhusu iongeze mstari wa kurekebisha, umelirudisha kapu.

Iko na ndugu yake, Orphan-UGX, ambayo hutokea pale mstari wa muamala unapokosa akaunti kabisa, na mara nyingi utaiona baada ya "Check & Repair". Tiba ni ileile.

Salio la pesa za simu halifanani na la kwenye simu

Hapa nitakaa kidogo, maana kwetu Uganda pesa nyingi zinapita kwenye simu tangu MTN ilipoanzisha huduma yake mwaka 2009, na kila mtu ninayemsaidia amekwama hapa.

Ukitoa 200,000 kwa wakala, kinachotoka kwenye simu si 200,000. Kuna ada ya kampuni, na kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, ambayo kwa 200,000 ni 1,000. Anayeandika tu "simu kwenda mfukoni 200,000" anaacha ada na kodi nje ya vitabu. Siku moja haionekani. Mwisho wa mwezi tofauti imekuwa ya kununua gunia la makaa.

Andika muamala mmoja wenye mistari minne. Kwenye daftari la akaunti ya simu bonyeza kitufe cha "Split", kisha:

pesa taslimu, ongezeko 200,000;
gharama za kodi ya kutoa, 1,000;
gharama za ada ya simu, kiasi kile kilichoandikwa kwenye ujumbe;
akaunti ya simu, punguzo la jumla ya hivyo vitatu.

Soma ujumbe wa simu wakati unaandika, usitegemee kumbukumbu, kwa sababu ada hupanda kwa ngazi kulingana na kiasi. Kumbuka pia kwamba kodi hiyo ni ya kutoa tu. Ilipoletwa Julai 2018 ilikuwa asilimia 1 na ikagusa kutuma na kupokea pia, halafu ikapunguzwa. Bado nakutana na watu wanaoiandika kwenye kila muamala, na salio lao la vitabu linakuwa dogo kuliko la simu.

Basi dalili zake ni hizi. Vitabu vikionyesha pesa nyingi kuliko simu, umesahau makato. Vikionyesha pungufu, umeandika makato yasiyokuwepo, au kuna aliyekutumia pesa na hujaiandika. Na kama una laini mbili, ya MTN na ya Airtel, fungua akaunti mbili. Akaunti moja inayoitwa "simu" kwa laini mbili haitalingana na chochote.

Salio la mwanzo limebadilika wakati wa kulinganisha

Ukifungua dirisha la "Reconcile", la kulinganisha vitabu na taarifa ya benki au Sacco, namba ya kwanza unayoiona ni salio la mwanzo, na inapaswa kuwa ileile uliyomalizia mara iliyopita. Ikiwa tofauti, usiendelee.

GnuCash haihifadhi namba hiyo mahali popote. Inaijumlisha upya kila mara kutoka kwenye mistari yote yenye herufi y katika safu ya R. Kwa hiyo ikibadilika, maana yake kuna mstari uliokwisha kulinganishwa ambao umefutwa, umehaririwa au umetolewa alama ya y. Programu huonya kabla ya kukuruhusu kufanya hivyo, lakini onyo hilo lina kisanduku cha kusema usinikumbushe tena, na watu hukitia tiki. Onyo likishanyamazishwa, menyu ya "Actions" ina "Reset Warnings" ya kulirudisha. Lirudishe leo.

Kumpata mkosaji, hesabu tofauti ya salio la mwanzo la sasa na la zamani, halafu tafuta kiasi hicho. Usipokipata, fungua nakala ya akiba ya mwezi uliopita na ulinganishe mistari.

Kama salio la mwanzo ni sawa ila la mwisho ndilo linakataa, ihoji tofauti kama nilivyoihoji ile 9,000:

Tafuta muamala wa kiasi hichohicho kamili. Ukiwepo kwenye taarifa na haupo kwenye vitabu, umesahau. Ukiwepo mara mbili kwenye vitabu, umerudia. Usipouona, gawanya tofauti kwa mbili. Kiasi kilichoandikwa upande usio wake hutoa tofauti maradufu: 35,000 uliyoweka lakini ukaiandika kama umetoa italeta 70,000. Halafu gawanya kwa tisa. Hapo, kwa shilingi zetu zenye masifuri mengi, kuna namna ya pili ya kosa: sifuri moja imezidi au imepungua. 20,000 ikiandikwa 2,000 inaleta tofauti ya 18,000, nayo inagawanyika kwa tisa. Kwa hiyo usitafute tarakimu zilizopinduka tu.

Shilingi za Kenya zinaharibu jumla

Mpakani hapa mfuko mmoja una sarafu mbili. Ukibadilisha KES 10,000 kwa 28, unapokea UGX 280,000. GnuCash inafungua dirisha la kuuliza kiwango, na hapo ndipo watu huandika kinyume: 0.0357 badala ya 28. Matokeo yake ni kwamba shilingi elfu kumi za Kenya zinaonekana kuwa shilingi 357 za Uganda.

Mimi siandiki kiwango kamwe. Dirisha lile lina nafasi ya "To Amount". Naandika 280,000, zile nilizozihesabu kwa mkono, na kiwango inakitafuta yenyewe. Muamala ulioharibika, simama kwenye mstari wake na utumie "Edit Exchange Rate". Halafu, na hili husahaulika, nenda menyu ya "Tools", "Price Database", ufute bei iliyokosewa. Kila kiwango unachoandika kinabaki humo, na ripoti za mizania zinaweza kukitumia kuthamini salio lako lote la KES.

Kinyume chake pia hutokea: akaunti ya KES ina pesa lakini jumla ya mali haiihesabu. Hapo hakuna bei yoyote ya KES kwenye hifadhi. Ongeza moja kwa mkono. Kuna njia ya kuchukua viwango kwenye intaneti, lakini kwa hesabu za nyumbani mpakani siipendelei. Kiwango cha mtandaoni si kile alichokupa mbadilishaji fedha pale getini.

Umeme umekatika, faili halifunguki

Ukiambiwa faili limefungwa na mtu mwingine, angalia kwenye folda. Utakuta faili dogo linaloishia na .LCK. GnuCash huliweka inapofungua kitabu na kuliondoa inapofunga vizuri; umeme ukikatika linabaki. Kama una uhakika hakuna dirisha jingine wala kompyuta nyingine iliyofungua kitabu hicho, chagua "Open Anyway". Kama huna uhakika, usichague. Mimi na mke wangu tuliwahi kuandika kwenye nakala mbili za kitabu kimoja, yeye kwenye flashi, mimi kwenye laptopu, na hakuna kitufe cha kuunganisha nakala mbili. Tuliandika upya wiki tatu.

Kama faili lenyewe limeharibika, tazama majirani zake. Kila unapohifadhi, faili la kawaida la GnuCash (aina ya XML) huacha nakala yenye tarehe na saa ndani ya jina, mfano `nyumba.gnucash.20240315183012.gnucash`. Fungua ya karibuni kabisa inayokubali, kisha "Save As" kwa jina jipya. Nakala hizi kwa kawaida zinakaa siku 30 halafu zinafutwa; unaweza kuongeza muda huo.

Ulichoandika baada ya kuhifadhi mara ya mwisho kiko kwenye faili la .log. Menyu ya "File", "Import", kuna kipengele cha kurudia faili la .log. Chagua lile lenye tarehe na saa ileile iliyo kwenye jina la nakala uliyoifungua. Litarudisha miamala tu. Akaunti mpya ulizokuwa umefungua halizirudishi.

Waliochagua kuhifadhi kwa SQLite (aina nyingine ya faili, ya hifadhidata) wako tofauti. Kila mstari unahifadhiwa papo hapo, kwa hiyo umeme hauwatoi jasho sana, lakini hizo nakala za tarehe hawana. Wanakili wenyewe.

Taarifa ya benki niliyoingiza imevurugika

Kwa faili la CSV (jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma), makosa ni mawili. La kwanza ni koma: 1,250,000 isiyokuwa ndani ya alama za kunukuu inakatika kuwa safu tatu. Fungua faili kwenye LibreOffice, ondoa koma za maelfu, hifadhi upya. La pili ni tarehe. Kwenye dirisha la kuingiza chagua d-m-y, na uangalie mistari ya mfano inayoonyeshwa kabla ya kukubali.

Pesa uliyohamisha kutoka benki kwenda kwenye simu itatokea kwenye taarifa zote mbili. Ukiingiza zote bila kuangalia, umeihamisha mara mbili. Unapoingiza ya pili, kwenye orodha ya miamala weka tiki safu ya C kwa mstari ambao tayari upo, wala si A, ambayo huongeza muamala mpya.

Ripoti inaonyesha sisi ni matajiri

Angalia mkopo wa Sacco umeuweka wapi. Nimeukuta mara nyingi chini ya "Assets", kwa sababu siku ulipoingia ulikuwa pesa. Mkopo ni deni: hariri akaunti, aina yake iwe "Liability", mzazi wake awe "Liabilities". Kisha hakikisha muamala wa mkopo unaongeza deni hilo, si kulipunguza, kwa sababu kubadilisha aina hakugeuzi pande za muamala.

Na ripoti isiyobadilika baada ya kurekebisha haijakosea. Bonyeza "Reload".